Kiti cha Mbele na Daftari la Aliyekitoa



Katika Kiswahili cha ofisini, kupandishwa daraja ni jambo zito. Mwalimu wa shule ya msingi hulisubiri kwa miaka, na kila Mei Mosi wafanyakazi wa Tanzania hulipigia kelele mbele ya viongozi wao. Likija, huja na barua. Barua inaeleza nani amepanda, kutoka daraja lipi kwenda lipi, kuanzia tarehe gani, na chini yake kuna sahihi ya mtu anayeweza kuulizwa. Maneno hayo hayo tunayatumia kwa abiria aliyelipa nauli ya daraja la kawaida, akafika kaunta ya uwanja wa ndege, akakabidhiwa pasi yenye kiti cha daraja la biashara. Hapa barua haipo. Abiria huyo akiwa mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kununua mzigo, hatuna haja ya kumuuliza chochote; hayo ni baina yake na shirika la ndege. Akiwa mbunge au waziri, mambo yanabadilika. Nitatetea kwamba kila kiti cha namna hiyo kinachotolewa bure kwa mwanasiasa kitangazwe hadharani, kwa jina na tarehe. Na nitakwenda hatua moja mbele ya wengi wanaoafiki jambo hili, kwa kusema kwamba kazi ya kutangaza haiwezi kuachwa mikononi mwa aliyepokea peke yake.

Nianze na nchi ambako suala hili lilijadiliwa kwa uwazi kuliko kwingine ninakokujua. Mwishoni mwa Oktoba 2024 nchini Australia kilitoka kitabu cha mwandishi Joe Aston kuhusu shirika la ndege la Qantas. Kitabu kilipewa jina la Chairman's Lounge, chumba cha mapumziko ambacho Qantas inacho katika viwanja vya ndege vya miji mikubwa, na ambacho mtu haingii kwa kulipa wala kwa kusafiri sana, bali kwa kualikwa. Wabunge wengi wa shirikisho wamealikwa. Aston alieleza kwamba Waziri Mkuu Anthony Albanese alipandishwa daraja bure na Qantas katika safari 22 kati ya 2009 na 2019. Katika miaka hiyo Albanese alikuwa, kwanza, Waziri wa Uchukuzi hadi Septemba 2013, kisha msemaji wa upinzani katika sekta hiyo hiyo. Kitabu kilidai pia kwamba alikuwa akiwasiliana moja kwa moja na Alan Joyce, mtendaji mkuu wa Qantas wa wakati huo, kuhusu safari zake binafsi. Ofisi yake ilikana kwamba aliwahi kumpigia Joyce simu kuomba kiti. Na jambo lisilopaswa kusahaulika ni kwamba safari zile zilijulikana kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameziandikisha katika daftari la maslahi ya wabunge, ambalo Baraza la Wawakilishi la Australia limekuwa nalo tangu 1984. Kanuni zake zinamtaka mbunge aandikishe safari au ukarimu wowote wenye thamani inayozidi dola 300 za huko, na afanye hivyo ndani ya siku 28.

Mtu anaweza kuuliza kiti kina uzito gani hata kizue zogo la taifa zima. Uzito hauko kwenye kiti, uko kwenye kazi ya aliyekalishwa. Biashara chache hutegemea kalamu ya serikali kama biashara ya ndege. Ndege ya nchi moja haitui katika nchi nyingine ila kwa mkataba baina ya serikali hizo mbili, na mkataba huo hutaja mara ngapi kwa wiki na katika viwanja vipi. Uwanja wa Sydney una kikomo cha kisheria cha kuruka na kutua mara 80 kwa saa, na usiku hufungwa. Kwa hiyo nafasi ya kuruka saa moja asubuhi ni mali ghali, na sheria ndiyo inayosema nani anaishika. Serikali ni mteja mkubwa wa tiketi. Wakati wa janga la korona serikali ndiyo iliyomwaga mabilioni kuyaokoa mashirika. Mnamo Julai 2023 serikali ya Albanese ililikatalia shirika la Qatar Airways ombi la kuongeza safari 28 kwa wiki kwenda miji mikuu ya Australia, uamuzi ambao Qantas iliupigania; ushindani huo ungeweza kushusha nauli. Sisemi kwamba viti vile 22 vilinunua uamuzi ule. Hakuna ushahidi huo, na mtu mwadilifu hasemi hivyo. Waziri aliyehusika alitoa sababu zake, na katika mazingira ya wakati ule kulikuwa na malalamiko ya wanawake waliopekuliwa kwa kudhalilishwa katika uwanja wa ndege wa Doha mwaka 2020. Ninachosema ni kwamba raia aliyelipa nauli ya juu mwaka ule ana haki ya kupima sababu hizo akiwa anajua nani alimfadhili nani, badala ya kulijua hilo kwa kusoma kitabu mwaka uliofuata.

Sasa natazama upande wa pili wa bunge lile, maana ndiko ninakopata somo kubwa kuliko yote. Miongoni mwa waliomshambulia Albanese kwa ukali alikuwa Seneta Bridget McKenzie, msemaji wa upinzani katika masuala ya uchukuzi. Alipoulizwa kuhusu safari zake mwenyewe, hakuwa na jibu la uhakika, ikabidi ayaandikie mashirika ya ndege kuyauliza ni mara ngapi yalimpandisha daraja. Majibu yaliporudi ilibainika kwamba kulikuwa na safari 16 ambazo hakuwa amezitangaza. Sina nia ya kumdhihaki. Kusahau ni jambo la kibinadamu, na mtu anayesafiri kila wiki hawezi kukumbuka kila kiti. Lakini hebu tulitazame tukio hilo kwa makini. Aliyepokea hakujua amepokea nini. Umma haukujua. Aliyejua, kwa tarehe, kwa namba ya safari na kwa namba ya kiti, ni aliyetoa. Mashirika ya ndege ni wenye kumbukumbu wazuri sana, kompyuta zao zinajua hata ulichokula. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba fadhila hizi hazina daftari. Daftari lipo, linajazwa kila siku, ila liko katika kabati la mtu ambaye siku moja atakuja ofisini kwa waziri na ombi.

Wahenga wetu walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Methali hiyo si ya kutisha watu. Inaeleza utaratibu ambao jamii zote zinaujua, kwamba zawadi hufunga fundo. Fundo hilo halihitaji maneno wala makubaliano, na mara nyingi aliyefungwa hahisi kamba. Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka katika fani ya tiba. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walichapisha uchunguzi uliohusu madaktari karibu 280,000 wanaohudumia wagonjwa wa Medicare, ile bima ya serikali kwa wazee. Waliangalia mahusiano kati ya milo ambayo madaktari walilipiwa na kampuni za dawa na dawa walizoandika. Mlo wa wastani ulikuwa na thamani isiyofika dola 20. Hata hivyo daktari aliyekula mlo mmoja tu alielekea kuandika dawa ya kampuni iliyomlisha zaidi kuliko mwenzake ambaye hakula, na kadiri milo ilivyoongezeka ndivyo mwelekeo ulivyokua. Watafiti walitahadharisha kwamba wameonyesha uhusiano, hawakuthibitisha kwamba mlo ndio uliosababisha. Tahadhari hiyo ni ya haki nami naiheshimu. Lakini sidhani kuna anayeweza kuusoma uchunguzi huo kisha akasema kwa moyo mkunjufu kwamba kitu kidogo hakina athari kwa mtu msomi na mwenye kiapo. Na kama wali na kuku wa dola 20 hauwezi kupuuzwa, sioni kwa nini tupuuze kitanda cha kulalia angani katika safari ya saa ishirini na zaidi kutoka Sydney hadi London.

Wako wanaosema kiti hicho hakina gharama. Ndege inaruka hata hivyo, kiti kilikuwa kitupu, mafuta yale yale, wahudumu wale wale. Basi shirika limetoa nini? Hoja hii inasikika nzuri kwa sababu inapima zawadi kwa mfuko wa mtoaji. Zawadi hupimwa kwa pengo kati ya alicholipa mpokeaji na alichopata, na bei ya kile alichopata imeandikwa katika tovuti ya shirika lenyewe. Aidha, nyuma ya pazia walikuwa wamekaa watu mia mbili ambao wangekipenda kiti hicho, wakiwemo wazee wenye maumivu ya mgongo na akina mama wenye watoto wachanga. Hawakupewa. Kuchaguliwa kwake ndiyo zawadi yenyewe, na sababu ya kuchaguliwa ni cheo ambacho wananchi wamemwazima. Sisi tunaoishi na daladala tunalijua hili bila kufundishwa. Askari mwenye sare akipanda, konda hamdai nauli. Basi lilikuwa linakwenda Mbagala hata hivyo, na nafasi ya kusimama ilikuwepo. Hata hivyo kila abiria mle ndani anaelewa konda ananunua nini. Tofauti ni kwamba kwenye daladala abiria wote wanaona nani hakulipa. Kwenye ndege kuna pazia.

Pazia lenyewe ni zito kuliko tunavyodhani, kwa kuwa kiti kilichopandishwa kina ujanja ambao tiketi ya bure haina. Tiketi ya bure ni rahisi kuigundua: hakuna risiti. Aliyepandishwa daraja ana risiti halali ya nauli ya kawaida, na ukimkagua utaikuta, imelipwa, ina tarehe, haina doa. Sehemu iliyotolewa bure imejificha nyuma ya sehemu iliyolipwa. Hati ya mashtaka iliyofunguliwa Septemba 2024 dhidi ya Eric Adams, aliyekuwa Meya wa New York, iliueleza utaratibu huu kwa urefu. Waendesha mashtaka walidai kwamba kwa miaka kadhaa alipata safari za bure au za bei ya chini na kupandishwa daraja katika ndege za Turkish Airlines, kwamba thamani ya manufaa ya safari ilizidi dola 100,000, na kwamba hakuyaonyesha inavyotakiwa katika fomu zake za kila mwaka. Walidai hata kwamba msaidizi wake alilitaka shirika litaje bei itakayoonekana ya kweli kweli, isiwe ndogo mno hata ishangaze. Upande wa pili wa madai hayo ulikuwa jengo la ubalozi mdogo wa Uturuki lenye ghorofa 36, ambalo mwaka 2021 lilihitaji kibali cha idara ya zimamoto kabla rais wa nchi hiyo hajafika kulifungua. Adams alikana mashtaka yote. Mwaka 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani iliomba kesi iondolewe, na Aprili mwaka huo jaji akaifuta moja kwa moja. Madai hayo hayakuwahi kupimwa mahakamani, kwa hiyo si haki kumwita mtu huyo mkosaji. Mimi nayachukua kama ramani ya mahali ambapo fomu ya kawaida ya kujaza mwenyewe hushindwa kuona: kila karatasi inaweza kuwa na risiti yake, na bado kusiwe na karatasi hata moja inayotaja tofauti ya bei.

Pingamizi ninalolipa uzito mkubwa zaidi halitoki Australia wala Marekani. Linatoka katika utu wetu wenyewe. Sisi ni watu wa kukaribishana. Mgeni hupewa kiti kizuri, mkubwa hupishwa, na kukataa ukarimu ni kumvunjia mwenyeji heshima. Je, tunataka kiongozi aliyealikwa mbele na rubani asimame akatae, au aandike ukarimu wa watu katika fomu kama mtu anayetoa taarifa polisi? Nalijibu kwa kukumbusha yaliyotupata Tanzania. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kimila ambao mgombea angewafanyia wapiga kura kwa nia njema. Neno lilikuwa zuri, lina harufu ya udi na sinia la pilau. Ndani ya miaka michache takrima ikawa jina la heshima la jambo ambalo kila mtu alikuwa na jina lake jingine la mtaani. Asasi za haki za binadamu zilikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba, pamoja na mambo mengine kwa sababu vilimbagua mgombea asiye na cha kutoa. Mahakama haikuwazuia Watanzania kukaribishana. Iliona kwamba ukarimu unaoelekezwa kwa mtu mwenye kura ya kutoa hauwezi kubaki ukarimu tu. Hukumu ile ilihusu mkono unaotoa kwa mpiga kura. Kiti cha ndege ni mkono huo huo umegeuzwa: mwenye biashara anamkirimu mwenye madaraka. Tena ukarimu wetu wa asili una mipaka yake, ndiyo maana mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na una sifa moja ambayo watetezi wa takrima huisahau, kwamba hufanyika uani mbele ya majirani. Kumtaka kiongozi atangaze kiti alichopewa ni kuurudisha ukarimu huo uani.

Kuna swali la kiufundi ambalo si gumu sana. Wasafiri wa mara kwa mara hukusanya pointi, na pointi hubadilishwa kuwa kiti cha mbele. Ikiwa kila mtu mwenye pointi hizo, kwa kanuni zilizochapishwa, angepata kiti hicho, basi si zawadi. Ni sehemu ya alichonunua, ingawa pointi zilizotokana na tiketi zilizolipwa na hazina zina mjadala wake tofauti. Lakini uanachama wa chumba cha kualikwa, au kadi ya dhahabu inayoletwa ofisini wiki moja baada ya mtu kuapishwa, haikununuliwa na pointi yoyote. Kipimo ni kimoja: je, angepewa kama asingekuwa na cheo?

Lililo gumu ni hili. Mfumo wa kujitangaza humuumiza mwaminifu na kumwacha salama aliyenyamaza. Albanese alibandikwa idadi, 22, kwa sababu aliandika. Waliokuwa hawajaandika hawakuwa na idadi ya kubandikwa hadi walipolazimika kwenda kuiuliza. Mwanasiasa yeyote mwenye akili timamu angejifunza kutokana na sakata lile kwamba ni heri kusahau. Pingamizi hili ni la kweli, na watetezi wa uwazi hukosea wanapolikwepa kwa kuhubiri uadilifu. Dawa yake haiwezi kuwa nasaha, maana nasaha hazishindani na maslahi. Dawa ni kulitoa daftari katika kabati la mtoaji. Nilipotaja uchunguzi wa madaktari wa Marekani sikueleza watafiti walizipata wapi takwimu zile. Sheria ya afya ya mwaka 2010 iliwalazimisha watengenezaji wa dawa na vifaa vya tiba, si madaktari, kuripoti serikalini malipo na milo wanayowapa madaktari, na kuanzia 2013 taarifa hizo zikakusanywa na kisha kuwekwa mahali ambapo mgonjwa yeyote anaweza kulitafuta jina la daktari wake. Daktari hahitaji kukumbuka. Hawezi kufaidika kwa kusahau. Mwenye duka wa Kariakoo anaelewa mantiki hiyo, kwani hesabu hupatana pale daftari la aliyekopesha linapowekwa kando ya daftari la aliyekopa. Ninapendekeza kanuni hiyo hiyo: shirika lolote la ndege linalopewa haki za kutua au kuruka na nchi fulani liwe na wajibu, kama sharti la leseni yake, wa kupeleka kila robo mwaka orodha ya viongozi wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa wa nchi hiyo waliokaa katika daraja wasilolilipia. Mwanasiasa naye aandike upande wake. Pale orodha mbili zisipolingana, mwenye kuulizwa anajulikana.

Hapa husemwa kwamba tunaingilia faragha na kuhatarisha usalama wa viongozi. Orodha inayotolewa wiki nyingi baada ya safari haimwambii mwovu kiongozi atakuwa wapi kesho. Na faragha ya mtu kuhusu anakokwenda likizo naiheshimu. Haitajiki anakwenda kumuona nani, linatajwa jambo alilopewa kwa sababu ya kiti kingine, kile cha bungeni.

Katika nchi zetu suala linapata sura nyingine, na sura hiyo ni kali kuliko ya Australia. Qantas ilibinafsishwa katika miaka ya 1990. Inapotoa kiti, inatoa mali ya wanahisa wake. Air Tanzania ni shirika la umma linalorusha ndege zilizonunuliwa na serikali, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimekuwa zikionyesha hasara mwaka hata mwaka. Katika Kenya Airways serikali ndiyo mwanahisa mkubwa zaidi, ikiwa na asilimia 48.9 tangu hesabu za shirika zilipopangwa upya mwaka 2017. Kiongozi akipandishwa daraja bure katika ndege ya namna hiyo, aliyemkirimu si shirika. Ni mkulima wa Njombe na mama muuza mboga wa Gikomba, ambao hawakuulizwa. Sheria zetu zina milango ambayo ingeweza kupokea jambo hili bila kubomoa ukuta. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli ya umma ni zawadi kwa Jamhuri. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, na kila mwisho wa mwaka viongozi hupeleka kwa Sekretarieti ya Maadili tamko la mali na madeni. Neno madeni lipo tayari katika fomu. Tumezoea kulisoma kama mkopo wa benki, lakini deni la fadhila ni deni, tena halina ratiba ya marejesho wala kiwango cha riba, na mdai ndiye anayechagua siku. Kasoro kubwa ni kwamba matamko hayo hayachapishwi. Mwananchi anaambiwa kwamba fomu zimejazwa. Anachoelezwa ni kuwepo kwa karatasi, hasomi kilichoandikwa, na kwa utaratibu huo hata kiongozi aliyeandika kila kitu kwa uaminifu hapati sifa yake.

Je, kwa nini tusipige marufuku kabisa, tukaachana na madaftari? Kwa mashirika ya umma naafiki marufuku: mali ya umma haigawiwi kwa kufuata sura ya mtu. Kwa mashirika binafsi na ya kigeni, marufuku isiyo na daftari haitekelezeki, kwa sababu nani atajua imevunjwa? Uingereza inatuonyesha mpangilio unaofaa. Huko wabunge huandikisha zawadi kwa kanuni inayofanana na ya Australia, na ni daftari hilo lililowawezesha Waingereza mwaka 2024 kuona nguo, miwani na tiketi za burudani alizopewa Keir Starmer, aliyeshika uwaziri mkuu mwaka huo. Hakukuwa na kosa katika kuzipokea, mradi zimeandikwa. Lakini wananchi walipoziona zimepangwa mstari kwa mstari, kilichokuwa halali kikaanza kuonekana hakifai, na Oktoba mwaka huo Starmer akarudisha zaidi ya pauni 6,000. Mjadala wa nini kipigwe marufuku ulianza baada ya watu kuona. Bila kuona, ungekuwa mjadala wa minong'ono, na minong'ono haimtofautishi aliyepokea na asiyepokea.

Kama bunge letu lolote litalichukua jambo hili, daftari lenyewe halihitaji kuwa refu. Jina na cheo, tarehe, namba ya safari, kutoka wapi hadi wapi, daraja lililolipiwa, daraja lililokaliwa, tofauti ya nauli kwa bei iliyotangazwa siku ile. Hayo yote kompyuta ya shirika inayo kabla ndege haijafunga milango. Ningeongeza safu moja tu ambayo madaftari ya Canberra na London hayana, na ambayo ubishi mzima wa Australia wa Oktoba 2024 ulizunguka juu yake pasipo kupata pa kutua: nani aliyeomba kiti hicho, na alimwomba nani.